Udongo kwanza, rodi baadaye: ethi ya kinga ya radi juu ya mwamba na mbugani

Kwenye vilima vya mawe vya Mwanza utaikuta kinga ya radi ya namna hii: juu ya paa kuna ncha ya shaba inayong'aa, ukutani umeteremshwa utepe wa shaba ulionyooka vizuri, na chini utepe umeishia kwenye rodi iliyogongwa nusu mita ikagota kwenye jabali. Kipande kilichobaki kimekatwa kwa msumeno wa chuma, kikafunikwa zege. Kwa macho kazi imekwisha. Kwa mita ya ethi, yaani ya kupima jinsi chuma kilichofukiwa kinavyoumwaga umeme ardhini, bado haijaanza.

Mwongozo huu ni wa fundi umeme, mhandisi wa halmashauri na yeyote aliye kwenye kamati ya ujenzi anayetaka kujua aulize nini kabla ya kusaini malipo. Mfano wetu utakuwa jengo la madarasa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, Kanda ya Ziwa. Nimechagua huko kwa sababu radi ni nyingi na udongo ni mkaidi. Ukanda huu wa maziwa makuu uko miongoni mwa sehemu zinazopigwa zaidi duniani. Satelaiti zilihesabu zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka huko Kabare, Kivu Kusini, na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake ndilo lililoipita. Madhara yake tunayajua: Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda.

Udongo unavyoamua

Rodi ni mlango tu. Mkondo wa radi, ambao kwa kawaida hufika ampea 30,000 na mara chache huvuka 100,000, ukishaingia ardhini lazima utawanyike, na kinachouruhusu au kuukatalia ni udongo wenyewe. Ukaidi huo tunauita ukinzani wa udongo na kuupima kwa omu-mita. Udongo mfinyanzi uliolowa huwa kati ya 10 na 100. Udongo wa shamba wa kawaida huzunguka 100 au zaidi kidogo. Mchanga mkavu hupita 1,000, na jabali la matale lisilo na nyufa linaweza kuvuka 10,000. Maji ya bahari hayafiki hata 1.

Chembe za udongo zenyewe karibu hazipitishi umeme. Kinachopitisha ni maji yaliyomo katikati yake pamoja na chumvi zilizoyeyuka humo. Ndiyo maana mfinyanzi, unaoshika maji, ni rafiki, na mchanga, unaoyaachia, si rafiki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 15 hivi ya uzito wa udongo, ukinzani hauongezeki kidogo kidogo, unaruka.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Ngurumo nyingi huja na mvua za kwanza, wakati sentimita chache za juu zimelowa lakini chini bado kuna ukavu wa kiangazi kizima. Yaani radi inakuja ethi ikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Cheti cha vipimo vilivyofanywa Aprili, matope yakiwa magotini, hakikwambii kitu juu ya siku hiyo.

Udongo pia hubadilika ndani ya hatua chache. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, miaka ya 1930, alionyesha kwamba huku kwetu aina za udongo hupangana kwa mfuatano unaojirudia kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Wakulima wa Usukumani walikuwa na majina yake tayari: juu kwenye miamba ni luseni, mchanga mwepesi, chini kabisa ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaong'ang'ania viatu. Shule mbili zilizo umbali wa nusu kilomita, moja juu na nyingine chini, zinahitaji ethi mbili tofauti kabisa. Mkandarasi anayekuja na mchoro mmoja wa shule zote kumi za wilaya hajakanyaga hata mmoja wa viwanja hivyo.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kununua chochote

Unahitaji mita ya ethi yenye matundu manne, vigingi vinne vya chuma, nyaya na futi kamba. Mita ya matundu mawili au matatu haitoshi kwa kazi hii. Njia yenyewe inaitwa ya Wenner, kwa jina la Frank Wenner wa Marekani aliyeichapisha zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado hakuna iliyo rahisi kuishinda.

Panga vigingi vinne katika mstari ulionyooka, nafasi kati yao ikiwa sawa. Tuiite nafasi hiyo A. Vigonge kidogo tu, visizidi A gawanya kwa 20. Vikiwa mita 2 kwa mita 2, sentimita 10 zinatosha. Viwili vya nje vinapitisha mkondo, viwili vya ndani vinasoma volteji. Mita itakupa omu, yaani kipimo cha ukinzani. Zidisha hizo omu kwa A, kisha kwa 6.28, na hapo una ukinzani wa udongo wa wastani kuanzia juu hadi kina kinacholingana na A kwa makadirio. Anza na mita 1, kisha 2, kisha 4, na 8 kama uwanja unaruhusu. Rudia kwa mstari unaokatiza ule wa kwanza. Kaa mbali na mabomba ya maji na uzio wa chuma, maana mkondo utapita humo na mita itakudanganya kwa upole.

Tuchukue mifano miwili. Kilimani mita inasoma omu 95 kwa nafasi ya mita 1, omu 60 kwa mita 2, na omu 52 kwa mita 4. Piga hesabu: 597, 754, 1,306. Namba zinapanda, maana yake jabali liko chini na kila unavyoshuka hali inazidi kuwa mbaya. Bondeni mita inasoma 22, 6.4 na 2.1. Hesabu: 138, 80, 53. Namba zinashuka; unyevu uko chini, ufuate.

Angalia omu zenyewe zinavyoteleza kuja chini katika mifano yote miwili. Fundi asiyezidisha atadhani kilimani nako mambo yanaboreka.

Kama mita ya matundu manne haipatikani lakini una ya matatu, gonga rodi ya mita 1.5 yenye unene wa milimita 16, ipime kwa njia ya hatua ya 5, kisha zidisha jibu kwa 1.7. Utapata wastani wa udongo uliozunguka rodi hiyo. Haitakwambia kilichopo kina cha mita 4, ila ni bora kuliko kubahatisha.

Wakati wa kupima ni mwisho wa kiangazi: Kanda ya Ziwa ni Agosti kuelekea Septemba, Dodoma na Singida ni Oktoba hadi Novemba mvua inapochelewa. Ukilazimika kupima masika, chukulia kwamba kiangazi namba zitapanda mara mbili au zaidi, hasa kwenye udongo wa juu. Na wingu likianza kunguruma, hata kwa mbali, kusanya nyaya uondoke.

Hatua ya 2: Chagua umbo, si idadi ya rodi

Kwanza hesabu moja ya kukuondolea tamaa. Rodi ya mita 1.5 kwenye udongo wa omu-mita 100 inatoa takriban omu 60. Ukiifanya ya mita 3, inatoa 34 hivi. Ukibaki na mita 1.5 lakini ukaongeza unene kutoka milimita 16 hadi 20, unapata 57. Kwa hiyo fedha iende kwenye urefu. Rodi nene ina faida moja tu, haipindi inapogongwa.

Sasa ipeleke rodi hiyo ya mita 1.5 kilimani, kwenye udongo wa 600, na hapo ni kama imekubali kuingia yote: omu 360. Ukisimika rodi mbili karibu karibu, zinagombania udongo uleule. Nafasi kati ya rodi na rodi isipungue urefu wa rodi moja, na ikiwa mara mbili ni vizuri zaidi.

Bondeni, kwa hiyo, shuka. Rodi za kuunganisha za mita 3 hadi 6, angalau moja kwa kila utepe unaoteremka kutoka paani, na kamwe zisipungue mbili kwa jengo. Mbuga ina tabia yake lakini: kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima, na udongo unajitenga na rodi. Ndiyo maana rodi fupi mbugani inapima vizuri Machi na vibaya Septemba. Sehemu ya rodi inayofanya kazi ya kweli ni ile iliyo chini ya nyufa.

Kilimani, acha kushuka. Zunguka. Chimba mtaro kuzunguka jengo zima, mita 1 kutoka ukutani, kina kisichopungua nusu mita, ulaze waya mmoja unaofunga duara. Kwa jengo letu duara hilo lina urefu wa mita 84, na kwa udongo wa omu-mita 750 linaangukia karibu na omu 20. Linganisha na ile 360.

Hapo mtu wa ukaguzi atauliza: si inatakiwa omu 10? Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, kinazipendekeza omu 10, ila hapohapo kinajali zaidi umbo na vipimo vya ethi. Duara lenye nusukipenyo cha wastani kisichopungua mita 5 linatosheleza majengo ya daraja la kawaida la kinga, yaani la tatu na la nne. Letu linafika mita 10. Madaraja mawili ya juu, ya majengo ya hatari zaidi, hudai duara kubwa kadiri udongo unavyokuwa mkaidi. Binafsi nitalichukua duara la omu 20 kilimani kabla ya rodi moja iliyofika 9 kwa kumwagiwa ndoo za maji ya chumvi asubuhi ya ukaguzi.

Sababu ni kasi. Mkondo wa radi hupanda ndani ya sehemu moja au chache za milioni za sekunde, na kwa kasi hiyo waya wenyewe unakuwa kikwazo: kila mita ya waya hujenga kama volti 10,000 pale mkondo unapoongezeka kwa ampea 10,000 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mkia wa waya wa mita 60 uliovutwa kwenda mbali hadi kwenye kisima unapima vizuri kwa mita, lakini radi haina muda wa kufika huko mwisho. Inamwaga mkondo wake kwenye mita za mwanzo. Njia nyingi fupi kutoka sehemu moja ni bora kuliko moja ndefu. Kwenye udongo mkaidi waya hufaa kwa urefu zaidi kuliko kwenye udongo laini, lakini haufai milele.

Udongo nao hubadilika radi ikiupiga, mara nyingi kwa faida yetu. Karibu na chuma volteji ikifika laki kadhaa kwa mita, hewa iliyo kati ya chembe inawaka cheche na rodi inakuwa kama imenenepa. Kwenye mchanga cheche hizo huacha mirija ya kioo, ambayo watu huiokota. Tena, kwa mkondo wa kasi sana udongo hupitisha vizuri kuliko mita ilivyosema, hasa ule wenye ukinzani mkubwa. Kwa hiyo namba ya mita ni ya tahadhari pale rodi ni fupi, na ni ya kujidanganya pale waya ni mrefu.

Hatua ya 3: Chimba, jaza, na usahau chumvi

Chumvi na mkaa ni dawa ya mafundi wengi, na siku ya kwanza inafanya kazi kweli. Baada ya misimu michache ya mvua chumvi imeoshwa, imeacha kutu kwenye chuma. Mkaa wa kuni nao, kinyume na imani iliyozoeleka, si lazima upitishe umeme vizuri; inategemea ulichomwa kwa joto kiasi gani. Unasaidia zaidi kwa kushika unyevu.

Bentonaiti inafaa. Ni mfinyanzi unaovimba kwa maji na kukumbatia chuma. Ukitoboa shimo kwenye mwamba, changanya uji wake mzito, umimine kuzunguka rodi. Madukani bei yake inauma. Lakini ule udongo mweusi wa mbuga ni ndugu yake wa karibu, na uko bondeni bure. Kwa duara letu, tabaka la upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 20 ni kama mita 5 za ujazo, mzigo wa lori moja. Chekecha mawe, ulowanishe, tandaza nusu, laza waya, funika na nusu iliyobaki, shindilia, kisha rudisha udongo wa kiwanja. Usitegemee miujiza: ukinzani utapungua labda kwa sehemu moja ya tano. Faida kubwa ni kwamba waya unagusana na kitu laini chenye unyevu badala ya kulala juu ya kokoto na mapengo ya hewa.

Waya wenyewe: shaba ya milimita za mraba 50, au chuma cha duara cha milimita 10 kilichopakwa zinki. Mahali penye wezi wa shaba, na ni pengi, nachagua chuma bila kujiuliza mara mbili. Alumini usiifukie kamwe. Pwani, kwenye mawe ya matumbawe ya Unguja au Mombasa, chumvi ya ardhini inasaidia ukinzani lakini inakula zinki haraka. Huko gharama ya shaba inajilipa. Na angalia usiunganishe chuma cha zinki kilichofukiwa na nondo za msingi wa zege bila kufikiri, kwa sababu nondo zikiwa ndani ya zege hutenda kama shaba, na zinki ndiyo italiwa.

Maungio ya chini ya ardhi yachomelewe au yafungwe kwa klampu za boliti zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha yapakwe lami. Binding waya ya kufungia nondo si kiungo.

Hatua ya 4: Unganisha kila chuma, kisha fikiria miguu ya watoto

Ampea 30,000 zikipita kwenye ethi ya omu 10, hata nzuri hiyo, ardhi ya hapo inapanda hadi volti 300,000 kwa kitambo kidogo. Huwezi kuzuia kupanda huko. Unachoweza ni kuhakikisha vyote vinapanda pamoja. Ethi ya mita ya umeme, bomba la tangi la maji, fremu ya sola na fremu za madirisha ya chuma vyote vifungwe kwenye duara lilelile. Ethi mbili zisizojuana kwenye jengo moja ni mwaliko wa cheche kuruka kati yao, na aliye katikati ndiye daraja. Nyaya za umeme zinazoingia zipewe vifaa vya kukata volteji ya ghafla kwenye bodi.

Halafu miguu. Udongo wa omu-mita 500, radi ya ampea 30,000 ikiingia kwenye rodi moja: mtoto aliye mita 5 kutoka hapo, akipanua hatua ya mita moja, ana kama volti 80,000 kati ya mguu na mguu. Mita 10 kutoka hapo ni 22,000. Ng'ombe, miguu ya mbele na ya nyuma ikiwa mbali zaidi, anapata zaidi, ndiyo maana radi moja huangusha zizi zima wakati mchungaji anaamka. Kadiri udongo unavyokuwa mkaidi ndivyo volti hizi zinavyopanda. Duara huzipunguza sana kwa walio ndani yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda.

Kwa hiyo tepe zisishuke kwenye mlango wa darasa wala kwenye kona ya baraza ambako watoto hujikinga mvua. Ndani ya mita 3 kutoka kila utepe, mwaga kokoto zenye unene wa sentimita 15 au lami ya sentimita 5. Sakafu ya vumbi darasani iwekwe zege kama bajeti inaruhusu chochote baada ya kinga yenyewe. Na mabati ya geji 30, ambayo hayafiki hata nusu milimita, yasihesabiwe kama kipokea radi. Yaunganishwe tu, ncha na nyaya za juu ziwe na kazi yake.

Hatua ya 5: Pima ulichojenga

Kila utepe uwe na kiungo cha kufungua, kimo cha kiuno. Mbingu ikiwa safi, fungua viungo vyote ili upime ethi peke yake. Kwa rodi moja, simika kigingi cha mkondo mita 30 mbali, na cha volteji kwenye asilimia 62 ya umbali huo, kama mita 18 na nusu. Soma. Kisogeze mita 3 mbele, soma. Mita 3 nyuma, soma. Namba tatu zikikubaliana ndani ya asilimia 5, andika ya katikati. Zikitofautiana, kigingi cha mkondo kiko karibu mno, kipeleke mbali. Kwa duara la jengo letu mita 30 ni utani, tafuta mita 100 au zaidi, hata kama ni kupita katikati ya mihogo ya jirani kwa ruhusa yake.

Mita ya kubana, ile ya mdomo kama koleo, ni ya haraka na mafundi wanaipenda. Inahitaji mzunguko uliofungwa. Ukiibana kwenye duara lililofungwa chini ya ardhi itakusomea waya wa duara lenyewe, na utapata namba ndogo ya kupendeza isiyohusu udongo hata chembe.

Tanzania kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na namba alizozipata aziandike kwenye daftari linalobaki shuleni: tarehe, hali ya udongo, umbali wa vigingi, omu za kila utepe. Pima tena kila mwaka mwezi uleule. Ikiwa duara lililokuwa omu 20 limesoma 35 Septemba ya ukame mkali, na tepe zote zimepanda kwa pamoja, huo ni udongo, subiri mvua upime tena. Ikiwa utepe mmoja tu umeruka hadi 200 na nyingine zimetulia, usiulaumu udongo: chukua sururu, fukua chemba yake, utazame klampu.